Kanuni ya SACCOS inakaa wapi ndani ya programu?

Chukua programu ya kawaida ya SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, ile ambayo mwanachama anaomba mkopo kwa simu na meneja anauona kwenye kompyuta ya ofisini. Ukiifungua ndani utakuta maelfu ya mistari ya msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata: sehemu ya kuingia kwa nywila, fomu, jedwali la wanachama, jedwali la mikopo, msimbo wa kusoma majedwali hayo na kuyaandika, wa kutuma ujumbe mfupi, wa kutunza kumbukumbu za makosa. Halafu mahali fulani, pengine katikati ya faili ambalo jina lake halisemi lolote, kuna mstari huu:

    kama kiasi > akiba * 3: kataa

Yaani mkopo unaozidi akiba ya mwanachama mara tatu unakataliwa. Mstari huo ndio SACCOS yenyewe. Uondoe, na kilichobaki unaweza kukiuza kwa duka la dawa au klabu ya mpira baada ya kubadilisha majina ya majedwali, na hakuna atakayegundua kwamba kilianzia kwenye ushirika wa akiba na mikopo.

Kwa hiyo programu ina misimbo ya namna mbili. Ya kwanza nitaiita kanuni za shughuli: nani anaruhusiwa kukopa, riba inapigwaje, akiba ya mdhamini inazuiwa mpaka lini, rejesho linapokelewa vipi. Ya pili nitaiita msimbo wa mazoea, yaani ule ambao kila mradi unauhitaji, unaofanana kutoka programu hadi programu, na ambao mtu aliyewahi kuandika programu mbili tatu anauandika huku anaongea na simu. Kuutofautisha mmoja na mwingine kwa maelezo ni kazi nyepesi. Kuutofautisha ndani ya faili lenye mistari mia tisa, wakati meneja anasubiri, ni jambo jingine kabisa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1972 mtaalamu wa programu David Parnas aliandika kwamba programu igawanywe kwa kuangalia maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila uamuzi ufichwe mahali pake, badala ya kuigawa kwa kufuata hatua za kazi, ya kwanza mpaka ya mwisho. Mwaka 1986 Fred Brooks, aliyekuwa amesimamia OS/360, mfumo mkubwa wa kuendeshea kompyuta, huko IBM, akatenganisha ugumu unaotokana na jambo lenyewe na ugumu tunaojiletea kwa vifaa tunavyotumia. Riba ya mkopo ni ngumu kwa sababu mikopo ni migumu; hata ukiipiga kwa kalamu kwenye daftari la kaunta bado utakuna kichwa. Kugeuza jibu la seva, ile kompyuta inayohudumia simu zote, liwe umbo ambalo simu italielewa ni ugumu wa vifaa. Daftari la kaunta halina tatizo hilo.

Wengi wanajaribu kutofautisha kwa kuangalia sura ya msimbo. Wanasema: ukiona "kama" na hesabu, hiyo ni kanuni, ukiona majina ya majedwali, hayo ni mazoea. Kipimo hicho kinadanganya mno. Mimi hutumia swali moja tu: mstari huu ukikosewa, nani ana haki ya kusema umekosewa? Kama mwenye haki hiyo ni mhasibu, kamati ya mikopo, au mwanachama aliyeshika kitabu chake cha akiba, hiyo ni kanuni ya shughuli, hata ikiwa imeandikwa kwa herufi tatu. Kama ni mtengeneza programu mwenzako peke yake atakayenung'unika, hayo ni mazoea, hata yakijaza kurasa kumi.

Tuanze na riba, maana hapo swali linajibika upesi. Mwanachama amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi. Ukiipiga riba juu ya mkopo wa awali kila mwezi, analipa 12,000 mara 12, jumla 144,000. Ukiipiga juu ya salio linalopungua, huku akirejesha 100,000 ya deni la msingi kila mwezi, jumla ya riba ni 78,000. Tofauti ni shilingi 66,000. Fomu ni ileile na jedwali ni lilelile. Mtu anayekagua msimbo kwa macho ya fundi ataona hesabu mbili fupi, zote safi, zote zinafanya kazi. Anayejua ipi ni sahihi ni chama, na jibu limo kwenye sera yake ya mikopo, ambayo mara nyingi ni karatasi zilizobanwa kwenye faili kabatini.

Hilo halina ubishi. Shida inaanzia kwenye mambo yanayovaa nguo za ufundi ilhali ni kanuni tupu.

Kuna kukadiria namba, yaani kuziondolea senti, kwa mfano. Mkopo wa shilingi 1,000,000 urejeshwe kwa awamu tatu zilizo sawa. Kompyuta itakwambia kila awamu ni 333,333 na senti kadhaa, na senti hizo hakuna anayezilipa. Mtengeneza programu anatupa senti, anaona amesafisha. Awamu tatu za 333,333 zinafika 999,999, na shilingi moja inabaki. Mkopo haufungwi. Mwanachama amelipa kila alichoambiwa alipe, lakini mfumo unamwandika mdaiwa, na kwa kuwa ni mdaiwa, wadhamini wake hawaachiwi akiba zao. Kamati ikikutana inamkuta kwenye orodha ya wasiomaliza. Shilingi moja! Je, iongezwe kwenye awamu ya kwanza, au ya mwisho, au chama kiisamehe na kuiandika kama hasara? Ukimuuliza mhasibu atakujibu kabla hujamaliza swali, kwa sababu yeye analijua tangu siku za kalkuleta. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa kazi ya kukadiria namba ilikuja tayari na lugha ya programu na ikaonekana ni kifaa tu.

Mfano wa pili ni mpangilio wa kupokea rejesho. Mwanachama anadaiwa faini 5,000, riba 12,000 na msingi 100,000. Ameleta 80,000, ndiyo aliyonayo. Ziende wapi? Ukikata faini kwanza, kisha riba, kisha msingi, zinabaki 63,000 za kupunguza deni, na deni la 1,200,000 linashuka hadi 1,137,000. Ukianza na msingi, deni linashuka hadi 1,120,000, huku riba na faini zikisubiri. Mwezi unaofuata, riba ya asilimia 1 ni 11,370 kwa njia ya kwanza na 11,200 kwa njia ya pili. Tofauti ni 170 kwa mwezi mmoja kwa mtu mmoja, lakini ni ya kudumu, ni ya kila mwanachama anayechelewa, na mkaguzi wa hesabu akija ataiona. Ndani ya programu uamuzi huu wote unaweza kuwa ni mpangilio wa mistari mitatu ya kutoa. Mtu akiipanga upya kwa sababu inapendeza hivyo, amebadilisha sera ya chama bila mkutano.

Halafu kuna malipo ya simu. Mwanachama anarejesha kwa M-Pesa au mtandao mwingine, na mtandao unatuma taarifa kwenye seva yako kwamba fedha imeingia. Taarifa hiyo inaweza kuja mara mbili: seva yako ilichelewa kujibu, mtandao ukadhani haikufika, ukaituma tena. Programu isiyojali itaandika marejesho mawili. Sasa kuzuia jambo hili ni kanuni au ni mazoea? Chanzo chake ni cha kiufundi kabisa, wala hakuna mhasibu anayejua habari za seva kuchelewa. Lakini mwambie "risiti hii imeingizwa mara mbili" uone atakavyoinuka. Namba moja ya muamala inahesabiwa mara moja. Kanuni hiyo ilikuwepo kabla ya kompyuta, ilikaa kwenye kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizochapwa. Kwa hiyo hapa vitu viwili vimekaa pamoja na vinatengana vizuri: kupokea taarifa, kuhakiki kwamba kweli imetoka kwenye mtandao, na kujibu "nimepata" ni mazoea, kukataa namba ya muamala iliyokwisha kuandikwa ni kanuni, na ikae pamoja na kanuni nyingine za marejesho.

Na fedha ikiingia kutoka namba ya simu ambayo si ya mwanachama yeyote? Mke amemlipia mume, au mtoto aliyeko Muscat amemlipia mama kupitia rafiki. Programu nyingi zinatupa taarifa hiyo kwenye kumbukumbu za makosa na kuendelea. Kwa fundi hilo ni kosa la data. Kwa chama ni fedha halisi iliyomo kwenye akaunti, inayomtafuta mwenyewe.

Mambo haya yanakuwa makali zaidi pale serikali inapoingia. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kukata tozo kwenye kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Septemba ya mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bajeti ya 2022/23 ikashusha kiwango cha juu kutoka 7,000 hadi 4,000. Ilipofika Oktoba 2022 baadhi ya miamala ikaondolewa kwenye tozo, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta kwenye kutuma. Fikiria programu iliyokuwa ikimwonyesha mteja makato kabla hajabonyeza kitufe. Kama viwango vilikuwa vimeandikwa ndani ya ukurasa wa kuonyesha, vikarudiwa kwenye ripoti na tena kwenye ujumbe mfupi, basi kila tangazo la wizara lilimaanisha kuwinda namba kwenye faili zote, na moja ikisahaulika, ujumbe unamwambia mteja kiasi hiki na ripoti inasema kile.

Watu wakiumia hivyo wanakimbilia suluhisho la haraka: weka viwango kwenye jedwali, meneja abadilishe mwenyewe. Ni nusu ya dawa. Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Duka limeuza bidhaa ya shilingi 100,000 mwezi Desemba 2020 na kutoza kodi ya 14,000. Januari mteja anairudisha. Programu ikisoma kiwango cha leo kwenye jedwali itamrudishia kodi ya 16,000, yaani 2,000 ambazo hakulipa. Kanuni hapa ni hii: kodi inafuata siku ya mauzo ya awali. Jedwali lenye namba moja haliwezi kusema hivyo, linahitaji tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa kila kiwango, na msimbo unaojua kuuliza "siku ile kilikuwa ngapi?" Anayehamishia namba kwenye jedwali bila kuhamisha na tarehe amehamisha tarakimu na kuiacha kanuni ilipokuwa, yaani kichwani mwa mtu.

Sasa kutenganisha kunafanywaje? Mwaka 2005 mtaalamu mwingine wa programu, Alistair Cockburn, alieleza muundo ambao kiini cha programu, yaani zile kanuni za shughuli, hakijui kama kinaongea na hifadhidata, fomu au jaribio. Vitu hivyo vyote vinachomekwa kutoka nje. Miundo ya namna hiyo imeandikwa kwa majina mengi tangu hapo, na mjadala wa majina unachosha. Kinachotakiwa ni kidogo. Kanuni ipokee namba na tarehe, irudishe uamuzi, na isiguse kingine chochote:

    gawa_rejesho(kiasi, faini, riba, msingi):
        kwa_faini = kidogo_kati_ya(kiasi, faini)
        kiasi = kiasi - kwa_faini
        kwa_riba = kidogo_kati_ya(kiasi, riba)
        kiasi = kiasi - kwa_riba
        kwa_msingi = kidogo_kati_ya(kiasi, msingi)
        ziada = kiasi - kwa_msingi
        rudisha kwa_faini, kwa_riba, kwa_msingi, ziada

Hakuna jedwali humo, wala seva, wala ukurasa. Unaweza kuijaribu bila intaneti. Zaidi ya hapo, unaweza kumpa mhasibu karatasi yenye safu tano, yaani kiasi, faini, riba, msingi na jibu, ukamwambia ajaze mifano ishirini anayoijua, kisha mifano hiyo ikawa ndiyo majaribio ya programu. Na tazama hiyo "ziada" ya mwisho. Ilijitokeza kwa sababu hesabu ilibaki peke yake mezani. Mwanachama akilipa zaidi ya anachodaiwa, ziada iende kwenye akiba, ipunguze deni la msingi lililobaki, au isubiri mwezi ujao? Kwenye faili la mistari mia tisa swali hilo lisingeonekana. Lingejijibu lenyewe kwa bahati, na jibu la bahati lingekuwa sera.

Majina nayo yatoke ofisini. Kama chama kinasema "rejesho", msimbo useme rejesho. Programu nyingi zimejaa majina kama "kishughulikiaji cha data" na "meneja wa vitu", na ukimsomea mhasibu hakuna neno analolitambua. Hiyo ni dalili nzuri tu ya kwamba kanuni zimezikwa, ingawa siichukulii kama ushahidi kamili: nimeona programu zenye majina ya kupendeza na ndani yake hamna kitu.

Hapo tumefika upande wa pili wa kosa. Kuna watengeneza programu wanaopenda kutenganisha kuliko wanavyopenda shughuli yenyewe. Kwenye mradi wao mwanachama mmoja ana maumbo matano: la kwenye jedwali, la kwenye kiini, la kwenye huduma, la kwenye jibu la seva, la kwenye ukurasa, na msimbo wa kunakili jina na namba ya simu kutoka umbo moja kwenda jingine. Ukiongeza sehemu moja ya "jinsia" unagusa faili tisa. Yote hayo yanafanywa kwa jina la kulinda kanuni za shughuli, ilhali kanuni zenyewe ni mistari kumi na miwili. Maumbo hayo, yaani tabaka za programu, yenyewe yamekuwa msimbo wa mazoea. Kama programu yako ni daftari la majina ya wanafunzi, la kuongeza, kufuta na kutafuta, haina kanuni ya kulinda. Tumia kile ambacho fremuweki yako, yaani ule msimbo wa mazoea uliokwisha kutayarishwa na wengine, inakupa, maliza, nenda nyumbani. Kiini kilindwe pale kilipo.

Wala msimbo wa mazoea haudharauliwi. Nywila zikihifadhiwa bila kufichwa, chama kitaumia kuliko kwa riba iliyokosewa. Ila ubora wake unatafutwa kwa njia tofauti: unachukua kilichokwisha kujaribiwa na maelfu ya watu, hubuni. Mtu anayejiandikia mfumo wake wa kuficha nywila ana matatizo. Mtu anayekopa kanuni ya wadhamini kutoka programu ya chama kingine naye ana matatizo, ya aina nyingine.

Tofauti hii imekuwa na uzito mpya tangu zana za akili unde zilipoanza kuandika msimbo. Ukiziomba ukurasa wa kuingia au jedwali lenye kutafuta, zinatoa kwa dakika, na kwa kawaida vizuri, kwa kuwa zimesoma mifano isiyohesabika ya kitu hicho. Ukiziomba kanuni ya mdhamini zitatoa pia, kwa kasi ileile na kwa sura ileile ya kujiamini. Lakini masharti ya chama chako yaliyobanwa kabatini hazijawahi kuyaona. Zitaandika kanuni ya SACCOS inayofanana na SACCOS. Kwa hiyo mtu anayesoma msimbo uliotolewa na zana hizo anahitaji kujua asome wapi kwa kupitisha macho na wapi asimame, kwani ukurasa mzima unapendeza sawasawa.

Kama una programu ya zamani na hujui uanzie wapi, usianze kwa kuchora tabaka. Tafuta tarakimu. Pitia msimbo wote ukitafuta kila 3, kila 0.01, kila 18, kila 30, na uandike pembeni nani aliyekubali namba hiyo. Nyingine zitakuwa za ufundi tu: ukurasa uonyeshe safu 30, seva ijaribu tena mara 3. Ziache. Nyingine zitakuwa akiba mara tatu, riba ya mwezi, asilimia ya kodi. Zipe majina na uzilete mahali pamoja kabla ya kugusa kingine chochote. Ile 30 ndiyo itakayokusumbua zaidi, kwa sababu kwenye mstari mmoja ni urefu wa mwezi, kwenye mwingine ni siku za kusubiri kabla ya faini kuanza, na aliyeiandika aliona ni namba moja. Mkutano mkuu ukiamua siku za kusubiri ziwe 14, uhakikishe mwezi haujafupishwa pia.